Muulize Fundi: Miti ninayo, nijenge nyumba kwa kuni?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache kuta zinazojengwa kwa magogo mafupi: mti unakatwa vipande, vinalazwa kukatiza ukuta, mota inavishika, na vichwa vya vipande vinaonekana ndani na nje. Ukiutazama kwa mbali utadhani mtu amepanga kuni akasahau kuzichoma. Sikutegemea barua nyingi kiasi hiki. Nimechagua tano, nyingine zinauliza yaleyale.

Shikamoo fundi. Nina miaka 29, naishi kijijini, si mbali na Mafinga. Baba ametugawia shamba la paini, ekari mbili, na miti inahitaji kupunguzwa. Nimeona kwenye simu picha za nyumba za magogo mafupi, nimezipenda sana. Hesabu yangu ni kwamba miti ni ya bure, basi nyumba nayo ni ya bure, nataka vyumba vitatu na sebule. Mke wangu anasema watu watatucheka kwamba tunaishi ndani ya rundo la kuni. Je, inafaa? Nianzie wapi?
*Msomaji, Mufindi*

Marahaba, kijana wangu. Kuchekwa ni jambo dogo. Watu wakishaingia ndani mwezi wa saba, nje baridi ya Mufindi inauma masikio na ndani kuna joto, wataacha kucheka na kuomba chai. Kinachonisumbua kwenye barua yako ni hiyo nyumba ya bure.

Chukua chumba kimoja tu cha mita 4 kwa 5, ukuta wa mita 2.4 kwenda juu, unene sentimita 40. Ukitoa mlango na madirisha unabaki na ukuta wa mita za mraba kama 38. Mti unachukua takribani asilimia 60 ya ukuta huo, kilichobaki ni mota na unga wa mbao. Kwa vipande vyenye kipenyo cha sentimita 15 unahitaji karibu 1,300. Kila kimoja kikatwe, kitolewe gome, kianikwe, kibebwe, kilazwe kwa mkono. Vyumba vitatu na sebule zidisha mwenyewe, mimi nimechoka hapohapo.

Twende kwenye saruji. Mota wanayotumia wajenzi wengi wa Marekani ni ndoo 9 za mchanga, 3 za unga wa mbao uliolowekwa, 3 za chokaa iliyozimwa na 2 za saruji. Kwa ukuta niliokutajia, nimekadiria mifuko 15 hadi 18 ya saruji ya kilo 50, na chokaa mifuko kama 20 ya kilo 25. Ukuta huohuo ukiujenga kwa tofali za inchi 6 na kuupiga plasta pande zote mbili, unakula saruji mifuko 20 na ushee, pamoja na ya kufyatulia tofali. Umeona? Ulichookoa kwenye saruji umekilipa kwenye chokaa. Na jirani yako anayejenga kwa matofali ya kuchoma na kuyaunga kwa tope amewashinda nyote wawili.

Halafu ukuta si nyumba. Msingi, kenchi, bati, milango, madirisha, sakafu na choo vyote bei yake ni ileile, ukuta uwe wa kuni au wa dhahabu. Vijana wengi wanaoniandikia wanapigia hesabu ukuta peke yake kwa sababu ndio unaoonekana kwenye picha.

Basi mtu ajenge kwa magogo mafupi kwa sababu gani? Kwako wewe naona tatu. Ya kwanza ni joto: sentimita 40 za mti na unga wa mbao zinakaa na joto la moto wa jioni vizuri kuliko tofali la saruji. Ya pili, miti ya kupunguzia ni myembamba, mwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, akiiona anageuza shingo, na wewe hapa umeipatia kazi. Ya tatu ndiyo kubwa: ni kazi isiyotaka nguvu nyingi wala fundi wa kulipwa kila siku. Kipande kimoja anakibeba mtoto wa darasa la tano. Ukiwa na muda mwingi na fedha kidogo, ujenzi huu unakufaa. Ukiwa na haraka, nunua tofali.

Kama bado upo, sikiliza kuhusu kukausha, maana hapa ndipo nyumba inaposimama au inapoharibika. Mti mbichi ukiujengea, utakauka ukiwa ndani ya ukuta. Kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kukusumbua, lakini kwa unene unasinyaa: kipande cha sentimita 15 kinaweza kupungua nusu sentimita. Mota haiufuati. Unabaki na mwanya kukizunguka kipande, upepo unaingia, na kipande chenyewe unaweza kukisukuma kwa kidole gumba kikacheza. Kwa hiyo kata miti mvua zikielekea mwisho, wakati gome bado linabanduka kirahisi, na limenye siku hiyohiyo. Gome lililobaki linatunza unyevu na wadudu. Kata vipande vyote urefu mmoja. Tengeneza kigezo cha ubao, usikadirie kwa macho. Vile vinene vipasue kati, vinakauka haraka na havipasuki ovyo. Vipange juu ya fito, visiguse ardhi, vifunike kwa juu tu, pembeni upepo upite. Viache msimu mzima wa kiangazi, na ikibidi hadi kiangazi kinachofuata. Paini itapata madoa ya bluu. Ni rangi tu, isikutishe.

Utajuaje kwamba vimekauka? Andika namba kwenye vipande vitano vya unene tofauti, uvipeleke kwa muuza duka mwenye mzani, uandike uzito kwenye daftari. Rudi navyo kila wiki mbili. Siku uzito utakapoacha kushuka, vimekauka kadiri hewa ya kwenu inavyoruhusu. Ukigonganisha viwili, vikavu vinalia kwa mlio mkali. Vibichi vinatoa sauti ya kufa. Lakini mzani ndio shahidi, masikio yana upendeleo.

Milingoti iache, hata kama ipo mpakani mwa shamba. Ni mti mzito, unapasuka vibaya ukikauka, na ukilowa ukutani unavimba kwa nguvu. Miti mizito iliyokauka sana ikipata mvua ndani ya ukuta inaweza kuusukuma ukuta mzima ukatoka kwenye timazi. Paini ni laini, ikivimba kidogo mota inaivumilia.

Sasa mchwa. Huko Marekani Kaskazini ujenzi huu ulikoshamiri, sehemu nyingi zina baridi ambayo mchwa haipendi. Wewe unampelekea chakula mlangoni. Paini haina ulinzi wake wenyewe. Inua msingi wa mawe nusu mita au zaidi juu ya ardhi. Juu ya msingi laza bati bapa lililotokeza pande zote mbili kama sentimita 5 na kukunjwa kuelekea chini. Bati hilo halimuui mchwa. Linamlazimisha ajenge njia yake ya udongo nje, mahali utakapoiona. Kwa hiyo usipande maua yakaficha msingi, usiegemeze mabanzi ukutani, na kila mwezi zunguka nyumba ukiwa na fimbo. Ukiiona njia, ibomoe, ufuate inakotoka. Oili chafu usipake kwenye vipande: mota haitashika vizuri, nyumba itanuka gereji, na ardhi unaichafua bure.

Ujenzi wenyewe sasa. Simamisha nguzo na boriti kwanza, paua, ezeka, ndipo ujaze kuta. Nguzo ndizo zibebe paa. Mafundi wengine hujenga nyumba ya duara na ukuta ukabeba paa wenyewe, lakini mtu anayeanza asijaribu. Faida ya kuezeka kwanza ni kwamba unafanya kazi kivulini, vipande havinyeshewi, na mota haikaushwi na jua ikapasuka. Paa litokeze nje sentimita 60 kwa uchache, upande wa mvua 90.

Mota haitandazwi upana wote wa ukuta. Unaweka mistari miwili, mmoja ndani na mmoja nje, kila mmoja upana wa sentimita 12 hivi na unene wa vidole viwili. Katikati unabaki mfereji wa sentimita 15. Humo unajaza unga mkavu wa mbao uliochanganywa na chokaa, ndoo 12 kwa moja. Mota yote ikishikana kutoka nje hadi ndani, baridi itapita humo moja kwa moja. Ndipo unalaza kipande juu yake, unakizungusha kidogo kulia na kushoto hadi kikae, na kinachofuata unakiachia nafasi ya vidole viwili. Changanya vinene na vyembamba. Mtu wa tofali atajikuta anatafuta kozi, ile mistari iliyonyooka ya tofali. Hakuna kozi hapa, kila kipande kinatafuta bonde kati ya viwili vilivyo chini yake. Panda futi mbili au tatu kwa siku, si zaidi.

Ule unga wa mbao ndani ya mota usiuone ni wa kubania saruji. Kazi yake ni kushikilia maji ili mota ikauke polepole isipasuke. Uchekeche, uloweke tangu jana yake. Vaa glavu, chokaa inakula ngozi. Mota ikianza kukaza, saa chache baada ya kulaza, piga jointi: mgongo wa kijiko cha chai unatosha, sukuma mota iingie ndani kidogo, vichwa vya miti vitokeze milimita 5 au 6. Nilipojenga stoo ya viazi mbegu kwa mkulima mmoja upande wa Njombe, kazi ya jointi waliifanya mabinti zake wawili, na jointi zao zilikuwa safi kuliko zangu. Mimi nina haraka ya fundi wa kulipwa. Jioni funika kwa magunia yaliyoloweshwa, na uyaloweshe kila siku kwa wiki nzima.

Ukitaka kweli kuokoa fedha, acha saruji na chokaa, tumia udongo. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, uukanyage kwa miguu kama bibi zetu walivyokandika. Nchi nyingine watu wanajenga hivyo kwa magogo mafupi na kuta zinakaa. Masharti yanaongezeka: paa litokeze zaidi, na upande unaopigwa na mvua uwe na baraza.

Mwisho, usianze na vyumba vitatu. Anza na jiko la nje au banda la kuku, ukuta urefu wa hatua chache. Mkeo akiliona hilo atatoa uamuzi mwenyewe. Kama kiwanja kiko eneo la mji, pitia halmashauri kwa kibali cha ujenzi ukiwa na mchoro mkononi, maana ofisa hajawahi kuona kitu hiki. Na kama magogo yatapita barabarani, chukua hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Miti ni ya baba yako lakini kizuizini hawamjui baba yako.

Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Muheza. Nina mitiki niliyopanda, sasa nataka kuipunguza. Kila mtu anajua mtiki hauliwi na mchwa. Kwa hiyo nyumba ya vipande vya mtiki itakuwa imara kuliko ya paini, siyo?
*Mama, Tanga*

Shikamoo mama. Chukua mti mmoja uliopunguza, ukate, utazame kichwa chake. Utaona pete mbili: ya nje nyeupe nyeupe, na ya kati rangi ya asali iliyokolea. Sifa zote unazosikia za mtiki ni za hiyo ya kati. Ile nyeupe mchwa anaila bila wasiwasi. Miti michanga ya kupunguzia nyeupe ni nyingi na kiini ni kidogo. Mtiki wa mbao nzuri, kama ule wa shamba la serikali la Longuza hapo kwenu, huachwa miaka mingi ili kiini kijae.

Halafu mama, Muheza unatafuta joto la nini? Ukuta mnene uliojaa unga wa mbao ni nguo ya baridi ya Makete. Kwenu unataka upepo upite, madirisha makubwa yanayotazamana, dari juu. Kuta jenga kwa tofali au mawe. Fito za mtiki zifanye nguzo za baraza, ukizimenya hiyo nyeupe na kuzisimamisha juu ya vipande vya zege, zisiguse udongo. Baraza hilo wajukuu watagombania.

Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunaishi Minnesota, tumenunua kipande cha ardhi kaskazini, mbele ya Duluth. Kina kibanda kilichojengwa kwa magogo mafupi, mwenye nacho wa kwanza hakukimalizia. Usiku tukiwasha mshumaa karibu na ukuta, mwali unalala. Upepo unaingia kuzunguka karibu kila gogo, na mengine yamepasuka katikati. Tubomoe?
*Dada, Minnesota*

Marahaba mwanangu. Usibomoe. Binti yangu yuko Wisconsin, majirani zenu hapo, na aliwahi kunipeleka Old World Wisconsin, makumbusho ya wazi karibu na mji wa Eagle. Kuna nyumba ya familia ya Kruza, wahamiaji kutoka Poland, iliyojengwa 1884 kwa magogo mafupi hivihivi. Upande mmoja waliishi watu, upande wa pili kuku, paa moja. Nilisimama pale nikaupigapiga ukuta kwa kiganja hadi mlinzi akanitazama. Na kaskazini mwa jimbo hilo, Jennings, lipo duka la zamani la mwishoni mwa miaka ya 1890, nalo la aina hiyo. Kuta zina zaidi ya miaka 100. Hizo zenu hazijazeeka, zimekauka tu.

Aliyejenga alitumia miti ambayo haikukauka vya kutosha, ikasinyaa ikiwa ukutani. Habari njema ni kwamba ikishasinyaa imesinyaa. Washeni jiko msimu mzima wa baridi, ndani kukauke kabisa, mianya ifikie mwisho wake. Mkiziba kabla ya hapo mtaziba mara mbili. Kisha nunueni mastiki ya kuvutika, ile inayouzwa kwa ajili ya nyumba za magogo, siyo ya vioo inayokauka ngumu. Ziba upande wa ndani kwanza, kuzunguka kila gogo, ukisawazisha kwa kidole kilicholoweshwa. Ni kazi ya jioni nyingi, wekeni redio.

Zile nyufa za katikati ya gogo ndizo ziangalieni sana, kwa sababu ufa unaweza kutoka nje hadi ndani bila kukatizwa na unga wa mbao wa katikati. Sindilieni sufi au kamba ya povu kwa bisibisi bapa, kisha mastiki kidogo juu yake kwa ndani. Upande wa nje msijaze kabisa, maji yakiingia yapate pa kutokea. Na asije mtu akawashauri mpake vanishi kwenye vichwa vya magogo kwa nje. Mti unapumulia kwenye vichwa. Ukiviziba, unyevu unabaki ndani na gogo linaoza likiwa linang'aa.

Jambo ambalo linanitia wasiwasi kuliko upepo ni msingi. Kaskazini mwa Minnesota kanuni za ujenzi zinataka msingi ushuke inchi 60, kwa sababu ardhi inaganda na ikiganda inainuka. Chimbeni pembeni mwa ukuta mahali pawili, mpime. Kama mjenzi aliweka zege la juujuu tu, mtaona ukuta umepasuka mshazari kwenye pembe za madirisha. Hapo kabla ya mastiki, muite mtu wa misingi na ofisi ya ujenzi ya kaunti yenu.

Ulisahau kuniambia ni mti gani. Kama ni mwerezi mweupe wa huko, mwepesi, wenye harufu ya kabati, mna bahati. Hauozi upesi, na unazuia baridi vizuri zaidi. Tafadhali kumbukeni kwamba joto hupita ndani ya mti kwa kufuata nyuzi upesi zaidi, kama mara mbili ya linavyopita kwa kukatiza nyuzi, na gogo lililolala hivi nyuzi zake zinaelekea nje. Ndiyo maana wajenzi wa sehemu zenye baridi kali kama kwenu huenda hadi inchi 24. Pimeni ukuta wenu. Kama ni inchi 8 au 10, tumieni kibanda hicho kiangazi, nyumba ya kulala mwezi wa kwanza jengeni nyingine.

Habari za kazi fundi. Hapa tulipo kuna kiwanda kinachotia dawa nguzo za umeme. Vipande vinavyokatwa mwishoni wanauza kwa bei ya kutupa. Vina dawa tayari, havitaliwa na mchwa. Kwa nini watu wahangaike kukausha paini?
*Msomaji, Makambako*

Nzuri ndugu yangu. Akili yako inafanya kazi upesi, lakini hapana.

Dawa ya nguzo si ya kumuua mchwa peke yake. Zile nyeusi zenye kunata na harufu kali zimetiwa kriosoti, inayotokana na lami ya makaa ya mawe. Zile zenye rangi ya kijani zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu, hakuna namna ya kuilainishia jina. Nguzo imesimama barabarani, hakuna anayelala nayo. Wewe unataka vichwa 1,300 vya nguzo hizo vitazame kitanda cha mtoto. Na bado hujaanza kuvikata kwa chenso: ule unga utauvuta puani, utauleta nyumbani kwenye nguo, na mtu atauchukua akawatandikie kuku.

Usivipikie pia. Najua wako wanaovipikia. Moshi wake na majivu yake yana hiyohiyo sumu, na majivu yakimwagwa kwenye bustani ya mchicha umeila mara ya pili. Kipande cha nguzo kizima, bila kukikata, kinafaa kuwa nguzo ya uzio wa ng'ombe, mbali na kisima. Tena nguzo nyingi ni za mlingoti, na mlingoti nimeshausema hapo juu.

Shikamoo fundi. Niko kidato cha tatu, Makete. Niliona kwenye picha ukuta wa magogo una duara za rangi zinazowaka, kijani na bluu. Ni taa?
*Mwanafunzi*

Marahaba. Ni chupa. Zinalazwa ukutani katikati ya magogo, jua la nje linapita hadi ndani. Utakazohitaji ni mbili kwa kila duara. Ya ndani iwe ya rangi, ya nje iwe nyeupe, ili mwanga uingie kwa wingi kabla ya kutiwa rangi. Rangi pande zote mbili giza linazidi. Zitazamishe midomo, matako yabaki nje, kisha zizungushie bati jembamba la alumini lenye urefu sawa na unene wa ukuta. Vuta chupa moja mbele au nyuma hadi urefu uwe sawasawa, kaza kwa waya. Alumini inang'aa ndani, kwa hiyo mwanga hauliwi njiani.

Zioshe kwa maji ya moto na uziache juani zikauke kabisa, hata siku kadhaa, kabla ya kuziunganisha. Tone moja likibaki ndani, asubuhi za baridi ya kwenu litageuka ukungu kwenye kioo na hutaweza kulifikia tena. Panga chupa zako chini kwanza, juu ya gunia, uone mchoro unaoutaka, maana mwenzako aliyeshika mwiko hatakusubiri ubadili mawazo. Usiziweke karibu na pembe wala chini ya boriti panapobeba uzito.

Hizo za bia za kahawia ziko nyingi, lakini zinatoa mwanga hafifu. Tafuta za mvinyo, za kijani, na mitungi ya jemu kwa upande wa nje.